Sailensa, Yakini na Amana: Kujua Chanzo katika Gereji za Kilosa na Mikumi

Swali la namna binadamu anavyojua chanzo cha jambo ni la kale katika falsafa na katika elimu ya dini, lakini mara nyingi hujadiliwa kwa mifano iliyo mbali na watu wanaolazimika kulijibu kila siku kwa mikono yao. Fundi wa magari ni mmoja wa watu hao. Anapoletewa gari kuukuu ambalo injini yake hutetemeka, hupanda na kushuka, au huzimika kila dereva anapoondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, fundi hutakiwa kutamka, mbele ya mtu atakayelipa, kwamba chanzo ni kitu fulani. Na kauli hiyo fupi hubeba madai mawili kwa pamoja, dai la elimu kwamba anajua, na dai la haki kwamba anastahili kulipwa kwa kujua huko. Insha hii inayachunguza madai hayo kwa kuliangalia tatizo la sailensa katika magari ya abiria ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, na inatetea msimamo mmoja: kwamba kudhani hakumtii fundi hatiani, kwa kuwa kazi yake haiwezekani bila kudhani, lakini kuuza dhana kwa bei ya yakini ni dhuluma, na dhuluma hiyo hubaki dhuluma hata pale dhana inapotokea kuwa sahihi.

Gari, barabara na hesabu ya siku

Mji wa Kilosa ulikua pamoja na Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake kutoka Dar es Salaam ulifika Kigoma mwaka 1914, na mji wa Mikumi umekua kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, ambayo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Miji hii miwili imeunganishwa na njia ya kilomita zipatazo 70 ipitayo mahali paitwapo Ulaya, njia ambayo kwa sehemu kubwa ya historia yake imekuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, katika wilaya ambamo mto Mkondoa umewahi kufurika kwa nguvu, kama ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yalipong'oa reli na kuziacha familia nyingi bila makazi. Magari yanayobeba abiria katika mazingira ya namna hii kwa muda mrefu yamekuwa Toyota Hiace na Toyota Noah zilizotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa nchini, na nyingi kati yake zilitengenezwa miaka ya 1990.

Mazingira hayo huingia ndani ya injini. Vumbi huziba kichujio cha hewa na, kichujio kikichakaa, hupita na kujishikiza mahali ambapo njia ya hewa ni nyembamba zaidi. Maji ya madimbwi hulowesha waya za plagi, ambazo ndizo zinazopeleka umeme wa kuwasha mafuta. Na petroli inayouzwa kwa madumu mbali na vituo haina anayeidhamini. Tatizo la mafuta kuchanganywa na mafuta ya taa lilikuwa kubwa kiasi kwamba mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza mwaka 2010 kuweka kinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike.

Mazingira hayo pia yana uchumi wake, na uchumi huo una uzito katika swali la maadili. Dereva wa gari la abiria kwa kawaida si mwenye gari; mwenye gari, anayeitwa tajiri hata kama mali yake yote ni hilo gari moja, hutarajia kupelekewa kila jioni kiasi walichokubaliana, kinachoitwa hesabu. Gari likilala gereji, hesabu haipatikani, na kwa hiyo dereva humwomba fundi jambo ambalo mara nyingi halimo katika uwezo wa fundi, yaani jibu la haraka. Fundi naye, ambaye huenda anafanya kazi chini ya mti katika gereji bubu, yaani gereji isiyosajiliwa na isiyo na kibao, anajua kwamba akisema anahitaji siku nzima ya kupima, dereva atavuka barabara na kumwendea fundi mwingine aliye tayari kutamka jina la spea papo hapo. Kabla ya kumlaumu mtu yeyote ni lazima ikubaliwe kwamba soko lenyewe huwalipa wanaojifanya kujua na kuwaadhibu wanaokiri kwamba bado hawajajua.

Kwa nini kasoro hujitokeza gari likiwa limesimama

Sailensa, kama mafundi na madereva wanavyoitumia istilahi hiyo, ni hali ya injini kunguruma yenyewe huku gari likiwa limesimama na mguu wa dereva ukiwa nje ya pedeli ya mafuta. Kwa injini nyingi za petroli za silinda nne za magari yanayozungumziwa hapa, hali hiyo huwa kati ya mizunguko 650 na 800 kwa dakika ikiwa injini imekwisha kupata joto. Wakati huo throtoli, yaani kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa, huwa kimefungwa karibu kabisa, na hewa kidogo inayoifanya injini isizimike hupitia upenyo wa pembeni, unaorekebishwa kwa skrubu au kwa vali ya umeme. Kwa kuwa pistoni huendelea kuvuta hewa ilhali mlango umefungwa, ndani ya manifoldi, ambalo ni bomba lenye matawi linaloigawa hewa kwa silinda, huzuka upungufu mkubwa wa kanieneo unaoitwa vakumu.

Hapo ndipo udhaifu mdogo unapopata nguvu. Petroli huungua vizuri ikichanganyika na hewa kwa uwiano wa karibu sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta kwa uzito. Gari likienda kasi, injini humeza hewa nyingi, na hewa inayopenya kupitia ufa mdogo wa gasketi au mpira uliopasuka ni sehemu isiyohesabika. Lakini katika sailensa, ambapo injini huvuta hewa kidogo na vakumu huvuta kwa nguvu zaidi kupitia kila tundu, ufa uleule huweza kuharibu uwiano mzima. Kwa hiyo dereva anaposema kwamba gari likishatembea halina tatizo, husema kweli, ila anakosea akidhani kwamba maneno hayo yanaupunguza ubovu, maana yanachoeleza ni mahali ubovu unapojificha.

Ugumu wa kielimu huanza pale inapodhihirika kwamba dalili hiyo moja ina vyanzo vingi. Sailensa mbaya yaweza kuletwa na masizi yaliyojijenga kwenye throtoli, na plagi iliyokwisha, na waya wa plagi unaovujisha umeme, na nozeli, yaani kifaa kinachonyunyiza mafuta, iliyoziba, na vali za injini zilizobanwa kupita kiasi, na moshi unaorudishwa kwenye njia ya hewa wakati usiofaa, na sensa ya joto inayoidanganya kompyuta ya gari kwamba injini bado ni ya baridi. Wakati mwingine injini yenyewe ni nzima kabisa, na kinachotetemesha gari ni mipira inayoibeba injini, ambayo imekauka na kukatika. Zaidi ya hayo, chanzo kimoja huweza kuleta dalili mbili zinazopingana: ufa unaoingiza hewa kwenye injini inayopima hewa mlangoni huifanya itetemeke na kuelekea kuzimika, kwa kuwa kompyuta haikuihesabu hewa hiyo, ilhali ufa wa aina hiyohiyo kwenye injini inayokadiria hewa kwa kupima kanieneo ya ndani ya manifoldi huweza kuipandisha sailensa, kwa kuwa kompyuta huiona hewa ya ziada na kuiongezea mafuta. Fundi anayefuata kanuni ya kwamba dalili fulani maana yake ni spea fulani atakuwa sahihi kwa gari moja na mkosaji kwa gari jirani yake.

Hata mashine ya kupimia haiondoi ugumu huu. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo, fundi huunganisha kwa waya mfupi matundu mawili ya kisanduku cha vipimo, yaliyoandikwa TE1 na E1, na taa ya injini kwenye dashibodi humeta kwa hesabu inayosomeka kama namba. Namba hiyo hutaja saketi ya umeme ambayo kompyuta imeiona kuwa na walakini. Haitaji kama kilichokufa ni sensa, au ni waya uliotafunwa na panya, au ni kitu kingine kilichoifanya sensa nzima itoe habari isiyo ya kawaida. Mashine hutoa ushahidi, na hukumu hubaki kwa binadamu.

Njia ya kuorodhesha na kuchuja

Wanazuoni wa misingi ya sheria ya Kiislamu, elimu iitwayo usuli, walikabiliana na tatizo linalofanana na hili walipotafuta illa, yaani sababu iliyoifanya hukumu fulani iwepo, ili waweze kuipitisha hukumu hiyo kwa mambo mapya. Miongoni mwa njia walizozitaja ni ile iitwayo sabru na taksimu, ambayo ni kuorodhesha sifa zote zinazoweza kuwa sababu na kisha kuzichuja moja baada ya nyingine kwa dalili mpaka ibaki isiyoweza kuondolewa. Na nyingine ni dawarani, ambayo ni kuangalia kama hukumu hupatikana sifa inapopatikana na hutoweka sifa inapotoweka, kama inavyoonekana katika maji ya zabibu, ambayo ni halali yakiwa mabichi, huharamika yanapolevya, na hurejea kuwa halali yanapogeuka siki. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizichambua njia hizi kwa kina, na karne nyingi baadaye, mwaka 1843, mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alichapisha kanuni za kutafuta chanzo ambazo moja yake, mbinu ya tofauti, inakaribiana sana na dawarani.

Fundi mwaminifu wa Kilosa hufanya kazi hiyohiyo anapoinua kiti cha mbele cha Hiace, ambacho injini imekaa chini yake, na kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inanguruma. Akichomoa waya wa silinda nzima, mngurumo hushuka. Akichomoa waya ambao kuchomolewa kwake hakubadilishi chochote, amejua kwamba silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo, na orodha yake imepungua kutoka injini nzima hadi chumba kimoja. Akihamisha plagi ya silinda hiyo kwenda kwa jirani yake na ubovu ukahama pamoja nayo, plagi ndiyo mkosaji; ubovu ukibaki palepale, plagi imetakasika na uchunguzi huendelea kwa waya, kwa nozeli na hatimaye kwa vali. Jambo muhimu ni kwamba majaribio haya hayagharimu spea yoyote. Yanagharimu muda, uvumilivu na utayari wa kupokea jibu ambalo fundi hakulitarajia.

Tofauti kati ya njia hii na ile ya kununua spea mfululizo mpaka gari litulie ni tofauti ya kielimu kabla ya kuwa tofauti ya gharama. Anayebadilisha plagi, waya na pampu ya mafuta kwa siku moja, kisha gari likapona, hajui kilicholiponya. Na kwa kuwa hajui, hana cha kumfundisha kijana anayejifunza kazi kando yake, wala hana la kumwambia mwenye gari ubovu ukirudi. Wanausuli walizipanga hali za akili kwa daraja, wakitenganisha yakini, ambayo haiachi nafasi ya kinyume chake, na dhana yenye nguvu, ambayo huelemea upande mmoja bila kuufuta mwingine, na shaka, ambayo pande zake zimelingana. Sehemu kubwa ya kazi ya gereji hufanyika katika daraja la kati, na hakuna aibu katika hilo, maana hata sheria yenyewe huendeshwa kwa dhana yenye nguvu pale yakini isipopatikana. Lakini daraja hizi zina maana tu iwapo mtu anajua yuko katika ipi na anaitaja kwa jina lake.

Kudra haifuti wajibu wa kutafuta

Katika barabara za Afrika Mashariki msemo wa kwamba ajali haina kinga husikika mara nyingi, na mtu anaweza kuuliza kama imani ya kwamba kila jambo hutokea kwa kudra ya Mwenyezi Mungu haipunguzi uzito wa kutafuta chanzo cha kasoro ndogo ya injini. Swali hilo limewahi kuulizwa kwa ukali wake wote. Al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alishikilia kwamba kati ya kinachoitwa sababu na kinachoitwa matokeo hakuna mfungamano wa lazima, na kwamba pamba inapoungua baada ya kuguswa na moto, anayeiunguza kwa hakika ni Mungu. Ibn Rushd wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekanusha sababu anaikanusha akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu zake. Upande wa Ukristo, Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba kuvinyima viumbe nguvu ya kutenda hakumtukuzi Muumba, kwa kuwa ukamilifu wake huonekana zaidi katika kuvipa viumbe uwezo wa kuwa sababu.

Kinachosahauliwa mara nyingi ni kwamba Ghazali mwenyewe hakuruhusu hoja yake igeuzwe kuwa uvivu. Alikubali kwamba Mungu ameiendesha dunia kwa desturi thabiti, na katika mafunzo yake juu ya kutawakali alimhesabu kuwa mjinga mtu anayekaa na njaa mbele ya chakula akingoja chakula kimwendee bila kunyoosha mkono. Kwa hiyo, iwe nguvu ya kuzimisha injini imo ndani ya ufa wa gasketi kama Ibn Rushd na Aquinas wangesema, au iwe ufa ni mahali tu ambapo desturi ya Mungu hujionyesha kama Ghazali angesema, wajibu wa fundi haubadiliki hata kidogo, kwa kuwa pande zote zinakubaliana kwamba anayetaka injini itulie ni lazima auzibe ufa. Mafundisho ya kudra yanahusu nani wa kushukuriwa na nani wa kutegemewa, na hayajawahi kumpa mtu yeyote ruhusa ya kutotazama.

Lipo pia swali la aina nyingine, ambalo watu wengi wa wilaya hii ya Kilosa wamelichukulia kwa uzito tangu zamani. Mwanaanthropolojia Mmarekani T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti wake kwa Wakaguru mwaka 1957, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Kilosa, aliandika jinsi dhana ya uchawi ilivyofungamana na fikra za watu juu ya wema na uovu. Na kabla yake, mwaka 1937, E. E. Evans-Pritchard alikuwa ameonyesha kwamba Waazande walijua vizuri kuwa ghala huanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo, na uchawi ulijibu swali jingine, la kwa nini lianguke wakati huu na juu ya watu hawa. Tajiri ambaye gari lake limeharibika mara tatu tangu alipogombana na ndugu yake huuliza swali la namna hiyo, na kumcheka hakumsaidii. Jibu la haki ni kumwonyesha kwamba maswali hayo mawili hayachukuliani nafasi: hata anayeamini kwamba amekusudiwa ubaya bado ana mpira wa vakumu uliopasuka, na fundi anayempeleka kwa mganga kwa sababu ameshindwa kuupata ufa amelitumia swali la pili kufichia kushindwa kwake katika la kwanza.

Haki ya kuamini na skrubu ya sailensa

Mwaka 1877 mwanahisabati na mwanafalsafa Mwingereza William Kingdon Clifford alichapisha insha juu ya maadili ya kuamini, ambayo mfano wake mkuu ni mwenye meli kuukuu anayejituliza moyo, bila kuikagua meli, kwamba itafika salama kama ilivyofika safari nyingi zilizopita. Clifford alihukumu kwamba mtu huyo ana hatia ya vifo vya abiria meli ikizama, na kwamba hatia yake haipungui hata kama meli itafika, kwa kuwa kosa lake lilikamilika pale alipojiruhusu kuamini jambo ambalo hakuwa na haki ya kuliamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Kwa kuwa mfano huo unahusu chombo kuukuu, abiria wasiojua na mwenye mali anayetaka safari isichelewe, unahamia barabara ya Kilosa na Mikumi bila kupoteza chochote.

Uzito wake huonekana wazi katika jambo linalofanywa mara kwa mara, la kupandisha sailensa. Injini ikizimika gari linaposimama, njia rahisi kuliko zote ni kuizungusha skrubu ya hewa ili injini ingurume kwa kasi zaidi. Mzimiko hukoma, dereva hushukuru na kulipa, na ubovu wenyewe umebaki ulipokuwa. Hatari ni kwamba miongoni mwa vitu vinavyotumia vakumu ya injini ya petroli ni sevo ya breki, yaani chombo cha duara kilicho nyuma ya pampu ya breki, ambacho hutumia vakumu hiyo kuongeza nguvu ya mguu wa dereva. Kiwambo cha ndani ya sevo kikipasuka, hewa hupenya kuingia kwenye manifoldi na sailensa huharibika, na dalili ya kwanza ambayo dereva huiona huenda ikawa ni injini kutetemeka kabla hajagundua kwamba pedeli ya breki imekuwa ngumu. Anayepandisha skrubu katika hali hiyo ameizima sauti pekee iliyokuwa ikitoa onyo, na gari linaondoka na abiria kuelekea barabara kuu ya hifadhini, ambako tembo na twiga huvuka na dereva hulazimika kusimama ghafla.

Na kipimo cha kuigundua kasoro hiyo hakihitaji mashine yoyote. Injini ikiwa imezimwa, pedeli ya breki hukanyagwa mara kadhaa mpaka ikakamae, kisha hushikiliwa ikiwa imekanyagwa huku injini ikiwashwa; sevo nzima huifanya pedeli ishuke kidogo chini ya mguu, na pedeli isiposhuka, au mngurumo ukibadilika na mlio wa hewa ukasikika kila breki inapokanyagwa, sevo au mpira wake imejishtaki yenyewe. Mahali ambapo ushahidi unapatikana kwa gharama ndogo kiasi hiki, kutoutafuta hakuwezi kuitwa kukosa elimu.

Ni haki hata hivyo kumsikiliza William James, Mmarekani aliyemjibu Clifford mwaka 1896, akisema kwamba yapo mazingira ambamo binadamu hulazimika kuchagua kabla ushahidi haujatimia, na ambamo kukataa kuchagua ni kuchagua pia. Fundi aliyeitwa njiani jioni, kwenye gari lenye wagonjwa na watoto na spea moja tu mkononi, hana siku nzima ya kuorodhesha na kuchuja. Atadhani, atajaribu, na akifanikiwa atastahili malipo na shukrani. Hoja ya James inahalalisha kutenda kwa dhana, lakini haihalalishi kuificha dhana. Fundi huyo anaweza kutenda palepale na bado akamwambia dereva kwamba hilo ni jaribio, kwamba chanzo hakijathibitishwa, na kwamba gari lipelekwe kupimwa likifika. Maneno hayo machache hayamcheleweshi mtu, nayo ndiyo yanayotenganisha dharura na ulaghai.

Nani abebe hasara ya dhana

Swali la mwisho ni la hasara. Sheria za dini zilitambua mapema kwamba anayekabidhi mali yake kwa fundi hawezi kuona yanayofanyika. Katika fiqhi ya Kiislamu, fundi anayewahudumia watu wengi ana hukumu zake, na imepokewa kutoka kwa Ali bin Abi Talib kwamba mafundi walibebeshwa dhamana ya mali walizokabidhiwa kwa ajili ya maslahi ya watu. Maimamu walihitilafiana: madhehebu ya Malik iliwabebesha mafundi dhamana hiyo, Abu Hanifa aliuona mkono wa fundi kuwa mkono wa amana, wanafunzi wake Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani wakaelekea upande wa dhamana, na katika madhehebu ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kauli iliyopewa nguvu ni kwamba fundi hadhamini isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Sheria ya Musa nayo, katika sura ya 22 ya Kutoka, inamzungumzia mtu aliyeachiwa mnyama wa jirani yake, na mnyama akafa au akaumia pasipo mtu kuona, na inaamuru kiapo mbele ya Mungu kisimame kati ya watu hao wawili.

Mikabala hii inatofautiana katika hukumu na kukutana katika msingi, kwamba pale jicho la mwenye mali lisipofika, lazima kiwepo kitu kinachoshika nafasi ya jicho hilo, kiwe dhamana, kiwe kiapo, au kiwe uaminifu unaoweza kuhojiwa. Kwa kuifuata hata kauli iliyo nyepesi kwa mafundi, ile ya Kishafii, anayetamka kwa yakini jambo ambalo hakulipima amezembea, na gharama ya spea isiyohitajika ni juu yake. Ila anayesema waziwazi kwamba anadhani, na mwenye gari akaridhia kujaribu, hana deni, kwa sababu hasara hiyo imebebwa kwa hiari na anayeijua. Desturi nzuri ya gereji nyingi, ya kumrudishia mwenye gari spea ya zamani iliyotolewa na kumwonyesha ubovu wake, inatimiza kazi ambayo kiapo kilifanya zamani, na inafaa kudumishwa hata chini ya mwembe ambako hakuna risiti.

Wajibu hauko upande mmoja. Mwenye gari anayeficha kwamba gari lilipita kwenye maji, dereva anayeagiza liwashwe tu litembee, na muuzaji anayepandisha sailensa asubuhi ya siku ambayo mnunuzi anakuja, wote wameshiriki katika dhuluma ileile; na muuzaji huyo, kwa mujibu wa fiqhi, amempa mnunuzi haki ya kulirudisha gari kwa kuwa aliificha aibu ya bidhaa. Anayetaka ukweli kutoka kwa fundi ni lazima awe tayari kuulipia muda wa kupima hata pale kipimo kinapoonyesha kwamba hakuna spea ya kununua.

Mafundi wa wilaya hii hawana upungufu wa akili wala wa bidii. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021 juu ya historia ya magari nchini Tanzania, ameonyesha jinsi elimu ya ufundi ilivyojengwa na Watanzania wenyewe katika gereji zao kwa vizazi kadhaa, na katika mji wa Mikumi kipo chuo cha VETA kinachofundisha ufundi stadi. Walimu wa chuo hicho na mafundi wakongwe walio chini ya miti wanaombwa kuwafundisha vijana jambo moja pamoja na matumizi ya spana: kwamba kila gari linalotoka mikononi mwao litoke na kauli tatu, ya kilichothibitishwa, ya kinachodhaniwa, na ya ambacho bado hakijapimwa, na kwamba breki iwekwe nje ya mlango wa dhana siku zote. Wenye magari nao wajifunze kumheshimu fundi anayesema bado hajajua, wamlipe kwa kupima kama wanavyomlipa kwa kufunga spea, maana soko lisilolipa ukweli halina haki ya kulalamika linapouziwa uongo.